Mpiga dramu aliyerekodi bendi nzima: kisa cha Dave Grohl na kiti cha nyuma

Jumatatu ya tarehe 17 Oktoba 1994, watu wawili waliingia studio ya Robert Lang, iliyochimbwa chini ya nyumba ya mwenyewe huko Shoreline, kaskazini mwa Seattle. Barrett Jones alikaa kwenye mitambo. Dave Grohl, aliyekuwa na miaka 25, akaenda moja kwa moja kwenye dramu. Miezi sita kabla ya hapo, kazi iliyompa jina duniani ilikuwa imekatika ghafla. Yeye ndiye aliyekuwa mpiga dramu wa Nirvana, na Kurt Cobain, mwimbaji na mtunzi wa bendi hiyo, alijiua Aprili mwaka huo. Wiki ilipokwisha kulikuwa na nyimbo 15 kwenye mkanda. Dramu, besi, magitaa, sauti, vyote Grohl. Mkono wa mtu mwingine unasikika mahali pamoja tu: gitaa kwenye "X-Static", lililopigwa na Greg Dulli wa Afghan Whigs.

Kisa hiki husimuliwa kama habari ya mtu aliyeinuka baada ya msiba, na ni kweli aliinuka. Ila ukikifuata mpaka mbele utaona kwamba uwezo uleule uliomwokoa Grohl mwaka 1994 ulimwondoa mwenzake kwenye bendi yake mpya, Foo Fighters, mwaka 1997, ukakaribia kuisambaratisha bendi yenyewe mwaka 2002, kisha ukarudi kuwa tegemeo lake mwaka 2023. Mtu anayeiweza kazi ya kila mmoja ni baraka studio. Kwa wanabendi wenzake ni mtu wa kumwangalia kwa jicho la pembeni, na anayepaswa kumwangalia zaidi ni yule aliyekalia kiti cha nyuma, yaani kiti cha mpiga dramu.

Rekoda mbili na mito ya kitandani

Grohl alizaliwa Warren, jimbo la Ohio, tarehe 14 Januari 1969, akakulia Springfield, Virginia, karibu na Washington. Mama yake, Virginia, alikuwa mwalimu. Baba yake, James, mwandishi wa habari. Wazazi waliachana Dave akiwa mdogo, akabaki kwa mama. Chombo chake cha kwanza kilikuwa gitaa. Dramu hakuwa nazo nyumbani, kwa hiyo alijifunza kwa kuichapa mito chumbani kwake huku kanda za rock na pank zikilia. Nadhani uzito wa pigo lake umetoka hapo. Ngozi ya dramu hukurudishia kijiti, mto haukurudishii kitu. Kila pigo unalishusha na kulinyanyua kwa nguvu zako mwenyewe.

La pili alilojifunza chumbani humo lina uzito zaidi kwa kisa chetu. Alikuwa na rekoda mbili za kaseti. Alirekodi gitaa kwenye ya kwanza, akaicheza kanda hiyo kwa sauti kubwa huku akiimba juu yake, na rekoda ya pili ikanasa vyote viwili. Kisha akazibadilisha kaseti na kuongeza kingine. Kila alipozungusha, mvumo wa kanda uliongezeka na gitaa la mwanzo likazidi kufifia, lakini kanuni ni ileile ya studio kubwa: safu moja inalala, nyingine inapandishwa juu yake. Kinachotakiwa kichwani ni kuusikia wimbo mzima kabla haujakuwepo, na hilo alilizoea tangu utotoni.

Akiwa na miaka 17 aliingia Scream, bendi ya pank ya huko Virginia, baada ya kuwadanganya kuhusu umri wake. Akaacha shule, na mama yake akaridhia. (Mwalimu kuridhia mwanawe aache shule akapige pank, hicho nacho ni kisa kinachojitegemea.) Akazunguka Marekani na Ulaya kwenye gari la bendi. Mwaka 1990 Scream walikwama Los Angeles baada ya mpiga besi kuondoka katikati ya ziara. Buzz Osborne wa bendi ya Melvins akampa habari kwamba kuna vijana wa jimbo la Washington wanaitwa Nirvana, wanatafuta mpiga dramu. Grohl akapanda ndege. Muda si mrefu alikuwa akiishi nyumba moja na Cobain mjini Olympia.

Nirvana walishapitiwa na wapiga dramu kadhaa kabla yake. Alikuta nyimbo zipo, akazipa mgongo. Mei 1991 walirekodi "Nevermind" studio ya Sound City, Van Nuys, na prodyuza Butch Vig. Albamu ikatoka Septemba 24, na Januari 1992 ikamwondoa Michael Jackson kileleni mwa chati ya Billboard. Watu wengi huusikia mlio wa dramu wa "Smells Like Teen Spirit" wakaona ni hasira tupu ya vijana wa Seattle. Grohl mwenyewe amesema mara nyingi kwamba mapigo yale ya mwanzo, vijiti viwili vikishuka karibu pamoja, aliyachota kwenye fanki na disko: Gap Band, Cameo, na Tony Thompson aliyekuwa mpiga dramu wa Chic. Ukilijua hilo huwezi kuusikia wimbo ule kama zamani. Wazungu wa pank wanarukaruka juu ya ridhimu ya ukumbi wa dansi wa watu weusi.

Nyimbo zilizofichwa

Wapiga dramu wana utani wao: sentensi ya mwisho ya mpiga dramu kabla hajafukuzwa ni "jamani, mnaonaje tukijaribu wimbo wangu?" Grohl anaupenda utani huu, na ukiangalia alivyoishi ndani ya Nirvana utaona hakuuchukulia kama utani. Alikuwa na nyimbo. Alizirekodi kimya kimya na Barrett Jones, rafiki yake wa Virginia aliyeanzisha studio kwenye chumba cha kufulia nguo nyumbani kwa wazazi wake. Mwaka 1992 baadhi ya nyimbo hizo zilitoka kwa kaseti iliyoitwa "Pocketwatch", kupitia lebo (kampuni ya kutoa muziki) ndogo ya Simple Machines, na jina lililoandikwa halikuwa lake. Alijiita Late!. Mmoja wa nyimbo zile, "Marigold", ulipenya na kuwa wimbo wa upande wa pili wa "Heart-Shaped Box" mwaka 1993, ukiimbwa na Grohl. Basi. Ndani ya bendi yenye mtunzi wa kiwango cha Cobain hakutaka kutikisa chombo kinachoelea.

Novemba 1993 walipokwenda New York kurekodi onyesho la MTV bila vyombo vya umeme, hofu kubwa ya watayarishaji ilikuwa yeye. Anapiga kwa nguvu mno, atawafunika wenzake. Prodyuza Alex Coletti akamletea brashi na vijiti vyepesi, vimefungwa kama zawadi. Grohl akavitumia. Lisikilize tena onyesho lile ukiwa umeziba masikio kwa Cobain: utasikia mtu mwenye kilo nyingi mkononi akigawa gramu. Nalitaja hili hapa kwa sababu habari zake nyingi huishia kwenye kelele, na hiyo ni nusu ya ujuzi wake.

Mwishoni mwa Januari 1994 Nirvana walikodi studio ileile ya Robert Lang kwa siku tatu. Siku mbili za kwanza Cobain hakutokea. Grohl na mpiga besi Krist Novoselic wakaona wasikae bure, wakarekodi nyimbo za Grohl. Siku ya tatu Cobain akaja, wakapata "You Know You're Right", wimbo ambao umma haukuusikia rasmi mpaka 2002. Ilikuwa mara ya mwisho kwa Nirvana kuwa studio pamoja. Ina maana Grohl alipoingia mlango ule tena Oktoba, alikuwa anarudi chumba alichokiacha na watu wawili wengine.

Kati ya Aprili na Oktoba kwa sehemu kubwa alikaa mbali na muziki, hata kuusikiliza ilimshinda. Amesimulia kwamba alikwenda mpaka Ireland, akiendesha gari kwenye barabara za mashambani za Kerry ili asionekane na mtu, akakutana na kijana anayeomba lifti, fulana yake ina picha ya Cobain. Akaona hakuna pa kukimbilia. Akarudi nyumbani.

Wiki yenyewe

Sasa tuingie kwenye kazi, maana hapo ndipo wasimulizi wengi hupita haraka.

Grohl na Jones walikuwa na utaratibu walioujenga kwa takriban miaka sita. Dramu kwanza. Hakuna gitaa la kumwongoza, hakuna sauti masikioni. Anapiga wimbo mzima akiuimba moyoni. Kisha wanausikiliza mkanda huku akiuvumisha wimbo kwa mdomo, kuhakiki kwamba ubeti umeangukia mahali pake na kiitikio hakikuzidi. Ikiwa sawa, magitaa mawili au matatu, besi, wimbo unaofuata. Kuimba kunaachwa mwisho. Kwa mwendo huo walifika nyimbo nne kwa siku, na Jumamosi walikuwa wanachanganya sauti za mwisho.

Fikiria ugumu wa hatua ile ya kwanza. Kwa kawaida mpiga dramu huwasikiliza wenzake: besi ikichelewa kidogo naye anachelewa, mwimbaji akivuta pumzi ndefu naye anamsubiri. Kupumua pamoja huko ndiko kunakoifanya bendi isikike bendi. Grohl alitakiwa kuyaacha mapengo ya watu ambao hawajafika, halafu akimbie chumba cha pili akawe watu hao. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Huyu alijinyoa, na ukiisikiliza "This Is a Call" au "I'll Stick Around" huoni alipojikata.

Makovu yapo, ila yako kwenye sauti. Hakujiamini kabisa kama mwimbaji, kwa hiyo alirudia kuimba mstari uleule juu ya mstari uliokwisha kurekodiwa, safu juu ya safu, mpaka sauti yake ikawa pana na laini kama imefunikwa shuka. Maneno nayo mengi yaliandikwa haraka haraka, na amekiri kwamba mengine hayana maana yoyote. Wakosoaji wa wakati ule walitaka kila mstari uwe unamhusu Cobain. Walikuwa wanachimba kisima kwenye mwamba. Kwa maoni yangu udhaifu huo uliisaidia albamu. Mtu aliyefiwa, ambaye dunia nzima inasubiri aseme kuhusu marehemu, alipata njia ya kupiga kelele bila kusema.

Na neno "peke yake" linahitaji kupunguzwa kidogo. Jones alikuwepo. Anayejirekodi huwa hana mtu wa kumwambia "hiyo imetosha, twende mbele" au "rudia". Aliyemsikia Grohl tangu Virginia, tangu chumba cha kufulia, alijua lini pigo lililokosewa kidogo lina uhai kuliko lililo safi. Mwendo wa nyimbo nne kwa siku hauwezekani bila mtu wa namna hiyo upande wa pili wa kioo. Zaidi ya hayo, nyimbo hazikutungwa wiki ile. Zilikuwa akiba ya miaka.

Kaseti 100, kisha kelele

Alitengeneza nakala 100 za kaseti. Juu yake akaandika Foo Fighters, jina ambalo marubani wa Vita vya Pili vya Dunia waliviitia vitu ving'aavyo walivyoviona angani wasivielewe. Lengo lilikuwa watu wadhani ni bendi, wasijue ni nani. Akazigawa kwa marafiki. Siri haikudumu. Eddie Vedder wa Pearl Jam alizicheza baadhi ya nyimbo kwenye matangazo yake ya redio ya Januari 8, 1995, na wenye lebo wakaanza kupiga simu.

Wakati huohuo mlango mwingine ulikuwa wazi, tena mlango mzuri. Novemba 19, 1994, Grohl alipiga dramu na Tom Petty na Heartbreakers kwenye kipindi cha "Saturday Night Live". Petty alikuwa ameachana na mpiga dramu wake wa miaka mingi na alimtaka Grohl abaki. Mshahara wa uhakika, nyimbo ambazo Marekani nzima inaziimba, kiti kilekile cha nyuma. Alikataa. Ukitaka kuona uamuzi wa kweli katika kisa hiki, uko hapa zaidi ya kule studio. Kurekodi kimya kimya na rafiki hakukuhitaji ushujaa mkubwa; kumkatalia Tom Petty kwa ajili ya kaseti yenye jina la ajabu kulihitaji.

Mkataba akausaini na lebo ya Capitol, iliyokuwa chini ya Gary Gersh, mtu aliyewahi kuwasaini Nirvana alipokuwa lebo ya Geffen. Grohl akaanzisha lebo yake ndani yake, Roswell. Albamu ilitoka Julai 4, 1995, sauti zikiwa zimechanganywa upya na Rob Schnapf na Tom Rothrock, ikafika nafasi ya 3 Uingereza na 23 Marekani. Ilipendekezwa kwa Grammy ya muziki mbadala, ikashindwa na lile onyesho la Nirvana bila umeme. Grohl aliye na gitaa alishindwa na Grohl mwenye brashi.

Albamu haipandi jukwaani yenyewe, na mtu mmoja hawezi kuwa wanne mbele ya watu. Novoselic lilikuwa chaguo la kwanza kufikirika, lakini wote wawili waliona itageuka kuwa mabaki ya Nirvana. Akamchukua Pat Smear, aliyekuwa gitaa la pili la Nirvana kwenye ziara za mwisho. Kisha bahati: Sunny Day Real Estate, bendi ya Seattle, ilikuwa inavunjika, akawapata mpiga besi Nate Mendel na mpiga dramu William Goldsmith. Masika ya 1995 walifanya ziara na mpiga besi Mike Watt, ambapo Grohl alifungua usiku akiimba na gitaa, halafu anabadilisha, anakaa nyuma, anampigia Watt dramu. Goldsmith aliyaona hayo kila usiku.

Kiti cha Goldsmith

Hapa ndipo kisa kinapogeuka, na mimi hapa ndipo ninapokaa muda mrefu.

Goldsmith alikuwa na mtindo wake, mpana na wenye mapambo, unaofaa nyimbo zinazopanda taratibu. Aliajiriwa kupiga dramu ambazo tayari mtu alishazipiga, na mtu huyo amesimama hatua tatu mbele yake akiwa na gitaa. Kila mpiga dramu huambiwa na kiongozi wake apige vingine. Tofauti ni kwamba viongozi wengi wakiulizwa "vipi?" hujibu kwa kupunga mikono. Huyu anaweza kuja akakaa akakuonyesha, na atakachokuonyesha ni kizuri.

Mwishoni mwa 1996 waliingia Bear Creek, studio ya Woodinville, jimbo la Washington, kutengeneza albamu ya pili. Prodyuza alikuwa Gil Norton, aliyetoka kujenga jina na Pixies na anayejulikana kwa kurudisha watu nyuma mpaka apate anachotaka. Goldsmith alisema baadaye kwamba wimbo mmoja aliupiga mara 96, na mwingine ukamla saa 13. Linganisha na Oktoba 1994, nyimbo nne kwa siku. Bendi ileile kwa jina, lakini kasi imekufa. Mpiga dramu anayerudia mara 96 haboreki; anaogopa, na woga husikika kwenye mikono kabla haujaonekana usoni.

Wakati wa Krismasi Grohl alikwenda kwao Virginia. Ndoa yake ilikuwa inavunjika. Akasikiliza yaliyorekodiwa, hakuyapenda. Huko Washington, mji mkuu, akaingia studio ndogo akarekodi peke yake, mtindo wa zamani, na wimbo mmojawapo ulikuwa "Everlong". Mwanzoni mwa 1997 kazi ikahamia Grandmaster, Hollywood. Goldsmith alibaki Seattle. Grohl akakaa kwenye dramu, akaanza kuupiga upya wimbo mmoja, kisha mwingine. Albamu "The Colour and the Shape" ilipotoka Mei 20, 1997, karibu kazi yote ya Goldsmith ilikuwa imeondolewa. Yaliyobaki ni "Doll", wimbo mfupi wa kufungulia, na mwanzo wa polepole wa "Up in Arms".

Grohl alimwomba abaki kwa ajili ya ziara. Goldsmith akaondoka. Sijui mtu mwenye heshima yake angefanya nini kingine. Kupanda jukwaani kila usiku ukipiga mapigo yaliyorekodiwa kuziba yako ni kutembea na barua ya kufukuzwa mfukoni.

Je, Grohl alikosea? Kimuziki, hapana. Sikiliza "Everlong": matoazi yanakimbia bila kupumzika wakati gitaa linayumba polepole, na msukumo wa wimbo wote uko kwenye tofauti hiyo. "My Hero" nao umejengwa na dramu kabla ya gitaa. Ni vigumu kuzifikiria bila mkono wake. Kwa namna alivyolifanya, ndiyo, na mwenyewe miaka ya baadaye alikiri hakulishughulikia vizuri. Pangekuwa na njia mbili za wazi mapema: kumwambia Goldsmith kabla ya kuanza kwamba dramu za studio atazipiga yeye, au kukubali albamu yenye sura ya Goldsmith. Alichagua njia ya tatu, kumwachia mtu kiti mpaka achoke, halafu kukikalia usiku. Norton naye hasemwi sana katika habari hii, na anastahili sehemu yake.

Hawkins

Baada ya hapo Grohl alimpigia simu Taylor Hawkins, aliyekuwa akimpigia dramu Alanis Morissette, kumwuliza kama anamjua mtu. Hawkins akajibu kwamba mtu huyo ni yeye. Alikuwa anaacha ajira kubwa kwa wakati ule kuja kwenye kiti kilichojulikana kuwa cha moto.

Albamu iliyofuata, "There Is Nothing Left to Lose" ya 1999, ilirekodiwa kwenye chumba cha chini cha nyumba ya Grohl, Alexandria, Virginia. Hawkins alipata shida. Hakuwa mzoefu wa studio na mwenye nyumba ni Dave Grohl. Mwishowe dramu wakagawana, nyimbo nyingine Hawkins, nyingine Grohl. Kwa karatasi ni hali ileile ya 1997, mpiga dramu ambaye hakufikia. Lakini safari hii mambo yalizungumzwa wakiwa chumba kimoja, na Hawkins alibaki akajifunza. Hakufichwa chochote. Albamu iliyofuata alipiga yeye.

Ila kabla ya kufika huko walipitia 2002. Nyimbo za "One by One" zilirekodiwa mara ya kwanza zikatoka baridi, pesa nyingi imeshaliwa. Grohl akaondoka kwenda kupiga dramu na bendi ya Queens of the Stone Age, akiwa kwenye albamu yao "Songs for the Deaf", na alionekana mwenye furaha huko kuliko nyumbani. Hawkins, ambaye mwaka mmoja nyuma alizimia London kwa dawa za kulevya nusura afe, hakuipokea vizuri. Kwenye tamasha la Coachella la Aprili 2002 bendi zote mbili zilikuwa kwenye ratiba. Wengi ndani ya Foo Fighters waliamini ndiyo shoo ya kuagana. Haikuwa. Wakarudi Virginia, wakarekodi karibu albamu nzima upya kwa muda mfupi, ikatoka Oktoba.

Ninavyoona, mwaka ule ulimpa Grohl dawa aliyoitumia miaka 20 iliyofuata. Njaa yake ya dramu alianza kuilisha nje ya nyumba. Killing Joke mwaka 2003. Probot mwaka 2004, mradi wa metali ambapo vyombo vingi alipiga mwenyewe na kuwaalika waimbaji kama Lemmy wa Motörhead. Nine Inch Nails mwaka 2005. Them Crooked Vultures mwaka 2009, na Josh Homme wa Queens of the Stone Age na John Paul Jones wa Led Zeppelin. Mwaka 2018 alitoa "Play", kipande cha dakika kama 23 ambacho kila chombo ni yeye. Orodha hii husomwa kama ushahidi wa kipaji chake, na ni kweli ni kipaji. Mimi naisoma pia kama adabu ya mtu anayejua akikaa nyumbani bila kazi atahamisha viti.

Ndani ya Foo Fighters, Hawkins alikikalia kiti chake kwa raha. Siku za mwisho walikuwa wakibadilishana jukwaani: Hawkins anakuja mbele kuimba "Somebody to Love" ya Queen, bendi ya yule mtoto aliyezaliwa Zanzibar, na Grohl anarudi nyuma kumpigia dramu. Tazama uso wa Grohl kwenye video hizo. Ni mtu anayeazimwa kiti na mwenyewe, na analijua hilo.

Hawkins alikufa Bogotá, Colombia, tarehe 25 Machi 2022. Miezi michache baadaye akafariki mama yake Grohl, yule mwalimu. "But Here We Are" ilitoka Juni 2, 2023, na dramu za albamu yote ni Grohl. Miaka 29 baada ya Shoreline alikuwa amerudi pale pale, amefiwa, anapiga dramu kwanza. Mara hii maneno yana maana, na sauti haijafunikwa.

Kwa ziara walimchukua Josh Freese, fundi aliyepigia bendi nyingi kuliko anazoweza kuzikumbuka msikilizaji wa kawaida. Mei 2025 Freese aliutangazia umma kwamba ameachishwa, na kwamba hakupewa sababu. Nafasi ikaenda kwa Ilan Rubin, aliyetoka Nine Inch Nails, na Freese akaenda kuiziba ya Rubin huko huko Nine Inch Nails. Rubin ana mradi wake pembeni unaoitwa The New Regime. Kwenye rekodi zake, gitaa, besi, kinanda, sauti na dramu anapiga mwenyewe.